Karakana ya geti la bluu, Gerezani, Dar es Salaam

Nianze na bei za karakana hii iliyonichongea injini ya gari langu, maana najua wengi wenu mnaanzia hapo. Kuchonga silinda nne pamoja na honi (kule kuzisugua ndani kwa jiwe, si ile ya kupigia bodaboda), shilingi 160,000. Kusaga krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), 120,000. Kuskimu hedi, yaani kunyoosha uso wa kile kichwa kinachofunika silinda, 50,000. Gaidi za valvu nane (vile vibomba zinamopita) na kukata siti zake, pale zinapokalia, 140,000. Jumla 470,000, na sikupunguziwa hata mia. Nilijaribu. Mzee mwenye karakana alinitazama kama mwanafunzi aliyekuja kuomba aongezewe maksi, akaendelea na chai yake.

Wapo wanaofanya kwa nusu ya hapo. Nawajua, kwa sababu ndiko nilikoanzia, na bloku yangu, ule mwili wa injini wenye silinda, ilitoka huko ikiwa nusu mfu.

Gari lenyewe ni Corolla KE70 ya 1982, ile tunayoiita DX. Nililinunua Morogoro kwa mama mmoja mstaafu aliyekuwa akilitumia kwenda kanisani na sokoni, basi. Bodi imara, viti vya asili, na chini ya boneti injini ya 4K ya cc 1,290 iliyokuwa inakula oili kuliko petroli. Nikipandisha Kimara, wa nyuma yangu wananipita wamefunga vioo. Ndiyo sedani ya mwisho ya Corolla kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Kizazi kilichoingia 1983 sedani zake zikahamia kuvutwa na ya mbele. Kwa hiyo kuuza hapana. Nikaamua nitaliwekea injini ya 5K, na nitaijenga mwenyewe, nyumbani Tabata, chini ya mwarobaini.

Kwa nini 5K? Kwa sababu ni ndugu wa tumbo moja na 4K. Bloku ya chuma, hedi ya alumini, kamshafti (mhimili wenye nundu) iko ubavuni inasukuma valvu kwa fimbo, tena inazungushwa na cheni, hakuna mkanda wa kukatika njiani. Mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 73. Kilichoongezeka ni upana wa silinda, kutoka 75 kwenda 80.5, na hapo unatoka cc 1,290 unaingia 1,486. Giaboksi yangu ya gia tano iliipokea bila kuchonga chochote. Na zinapatikana: vile vibasi vya LiteAce vya zamani vilikuja nazo, mabodi yameoza kwa chumvi ya bahari, injini zimebaki. Yangu niliipata Shaurimoyo, Ilala, kwa 750,000, ikiwa na distributa yake (kigawa umeme wa plagi) ya kielektroniki. Hiyo pekee ilinifurahisha, kwa sababu ya kwangu ilikuwa ya platini, vile vibati vya kukata na kuunga umeme, na nilishachoka kuisugua kwa msasa kila mwezi.

Sasa, kuna kazi ambazo mtu unaweza kuzifanya nyumbani kwenye injini, na ziko nyingi kuliko unavyoambiwa na mafundi. Kufungua, kuosha, kupima, kufunga, kuseti. Ila kuchonga silinda na kusaga krenki huwezi. Lazima bloku itoke nyumbani, ipande kirikuu (kile kigari kidogo cha mizigo), ikakae usiku kucha kwa watu usiowajua. Nikasikia karakana moja (sitaitaja, na wala haiko Gerezani) inafanya kazi haraka. Ni kweli wanafanya haraka. Niliwapelekea bloku asubuhi, jioni nikapigiwa simu nikaichukue. Waliniuliza swali moja tu: "Saizi gani?" Nikajibu ovasaizi ya 0.50, yaani nusu milimita zaidi ya upana wa kiwandani, maana ndizo pistoni nilizokuwa nimekwisha kununua. Hawakuomba kuziona. Na mimi, mtu mzima, mwalimu wa fizikia, sikushtuka.

Kufika nyumbani nikaingiza pistoni ya kwanza bila ringi (zile pete zinazoizunguka), ikashuka vizuri, taratibu. Ya pili vilevile. Ya tatu ilidumbukia kama kijiko kwenye chai. Nikaitikisa, ikagonga huku na huku. Nilikaa kwenye ndoo pale nje mpaka mbu wakanikumbusha kwamba kumekuchwa.

Nilirudi kwao kesho yake. Sitawachosha na maneno yaliyosemwa. Waliniambia "itajaa ikipata moto". Nikachukua bloku yangu.

Karakana ninayowaandikia habari zake nilielekezwa na dereva wa lori. Haina kibao. Ukishuka basi la mwendokasi kituo cha Gerezani, unaingia ndani kwenye mitaa ya wahunzi, kule wanakogonga majiko na masanduku ya shule, unafuata kelele mpaka ukutane na geti la bati la bluu lililopondeka upande mmoja kama lililopigwa na gari likirudi nyuma. Ndani kuna mashine tatu za zamani, sakafu nyeusi kwa oili ya miaka, na kwenye kona moja meza safi. Safi kweli, imetandikwa karatasi. Juu ya meza hiyo kuna masanduku ya mbao ya mikromita, vile vifaa vya kupimia sehemu ndogo za milimita, na hakuna anayeruhusiwa kuweka kikombe pale. Niliona dogo mmoja akifokewa kwa kuweka simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pistoni ziko wapi?"

Hakuniuliza jina wala gari. Nikamwambia nimekuja na bloku tu, pistoni ziko nyumbani. Akageukia wenzake akasema, "Huyu anataka nimshonee mtu suruali, mwenye kiuno kamwacha nyumbani." Wakacheka wote, na mimi nikacheka, ingawa sikuwa na hamu. Ila hakunifukuza. Alisema twende tuone kwanza huyo mgonjwa ana hali gani.

Hapa ndipo ninapotaka nikae kidogo, kwa sababu ndicho nilichokilipia. Alifuta silinda kwa kitambaa. Akachukua mikromita, akaiseti milimita 81.00 kwa kipande cha chuma cha kupimia, akaingiza katikati yake geji yenye uso kama wa saa, akaizungusha mshale ukasimama kwenye sifuri. Kisha akaishusha ndani ya silinda ya kwanza, akawa anaiyumbayumbisha polepole, mbele nyuma, akitafuta pale mshale unapogeuka. Akataja namba. Dogo akaiandika kwa chaki ubavuni mwa bloku. Akashusha tena, katikati. Namba. Chini kabisa. Namba. Kisha akaigeuza geji nusu ya nusu duara na kurudia zote tatu. Silinda moja vipimo sita, silinda nne ishirini na vinne. Hakuharakisha hata kimoja. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, nje mtu anagonga bati, na yeye anatafuta sehemu moja ya mia ya milimita.

Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa kwenye 81.01 mpaka 81.03. Zinavumilika. Ya tatu juu ilikuwa 81.09, chini 81.02. Yaani haikuwa bomba tena, ilikuwa kama kikombe cha kahawa. Nilipozileta pistoni kesho yake alizipima nazo, zote nne zikasoma 80.96. Maana yake ziliundwa ziende kwenye silinda ya 81.00, na kubaki nafasi ya 0.04 kwa ajili ya oili na kwa ajili ya kutanuka zikipata moto. Kwenye silinda ya tatu nafasi ilikuwa 0.13 pale juu. Mara tatu na zaidi. "Itajaa ikipata moto," nikamwambia, nikiwaiga wale. Akauliza, "Itajazwa na nini?"

Dawa ilikuwa ama kuweka laina (bomba jipya la chuma) kwenye silinda moja, ama kuchonga zote nne hadi ovasaizi ya 1.00. Alinieleza zote mbili, akaniachia nichague. Laina ingekuwa nafuu kwa upande wa pistoni, maana hizi nilizonazo zingetumika. Lakini ovasaizi ya 1.00 zilikuwepo Kariakoo siku hiyohiyo, na mimi nilitaka silinda nne zilizochongwa na mkono mmoja. Nikanunua seti mpya, 230,000. Zikasoma 81.46, 81.46, 81.45, 81.46. Aliichonga kila silinda kwa pistoni yake, akagonga namba kwenye vichwa vya pistoni ili nisizichanganye. Ile iliyosoma 81.45, silinda yake aliiacha nyuma kwa sehemu moja ya mia. Nilipoipima mwenyewe nyumbani, nilicheka peke yangu.

Kwa wanaopenda hesabu: silinda nne za milimita 81.5, mwendo wa 73, ni cc 1,523. Ningebaki na 0.50 ningepata 1,505. Kwa hiyo ndani ya gari langu kuna cc 18 zilizoletwa na uzembe wa mtu mwingine. Zile pistoni za kwanza bado ninazo. Moja mama watoto anazuilia mlango wa jikoni.

Kuhusu hedi tulibishana. Mimi nilitaka aikate zaidi ili mgandamizo uongezeke, nimesoma soma mambo ya watu wanaojenga injini za mashindano. Aliweka rula ya chuma kwenye uso wa hedi, akapitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake kwenye pembe na katikati, akasema imepinda kidogo tu, anatoa sehemu mbili za kumi za milimita na hapo anaishia. Nikasema ongeza. Akaniambia, "Mwalimu, ukitaka nyingine nunua hedi nyingine uje tuiharibu hiyo." Nikanyamaza. Baadaye nilivyowaza niliona hakuwa na ubishi wa bure. Kwenye injini ya fimbo, ukiishusha hedi sana hata hesabu za fimbo na roka (vile vyuma vinavyobonyeza valvu) zinaanza kuyumba, na mafuta yenyewe tunayoweka ni haya ya pampu ya mtaani, yasiyovumilia mgandamizo mkubwa.

Mapungufu yao. Kwanza, ahadi ya siku haina maana yoyote. Niliambiwa Alhamisi, nikaichukua Jumanne ya wiki iliyofuata, na nilikwenda bure mara mbili, kirikuu nimelipa. Pili, risiti wanaandika kwenye karatasi ya daftari; ukitaka ya mashine inabidi uiulizie mara tatu. Tatu, moja ya zile plagi za maji pembeni mwa bloku, zile vikombe vya bati, haikukaa sawasawa, nikaja kuona inatoa jasho baada ya injini kuwaka. Nilirudi, akaja dogo mpaka Tabata na pikipiki akaibadilisha bila kunidai, lakini ilinigharimu kumwaga maji na kufungua ekzosi, jasho la mchana mzima. Nne, pale hakuna mahali pa kukaa. Unasimama juani.

Na kitu cha tano si pungufu bali ni onyo: hawakuoshei. Bloku inatoka pale imejaa unga wa jiwe la honi, na mzee atakuambia hivyo kwa mdomo wake. Sabuni ya unga, maji ya moto, brashi ndefu. Uoshe, uoshe tena, kisha upitishe kitambaa cheupe chenye oili kidogo ndani ya silinda. Kikitoka na kijivu, bado. Mimi nilimaliza shati zima la zamani la shule. La saba ndilo lililotoka safi, namaanisha kipande cha saba. Watu wengi wanaofanya ovahoo (kuijenga upya injini) chini ya mwembe wanafuta kwa petroli, wanafunga, kisha wanashangaa ringi zimekwisha kwa miezi sita. Petroli inaondoa oili, unga unaubakiza kwenye ile mikwaruzo.

Sasa tuje kwenye vifaa, kwa sababu kuna kimoja nataka nikisemee.

Nilinunua toki renchi mpya Kariakoo, spana ya kupimia nguvu ya kukaza boliti, ile ya kulia "tak" ikifika mkazo uliouseti. Sanduku jekundu zuri, 95,000. Boliti za hedi za injini hii zinataka karibu kilo-mita sita (kama kilo sita zikining'inia mita moja kutoka kwenye boliti), ambazo ni kama nyutoni mita 59. Kabla sijaigusa hedi nikasema niipime. Nikaibana pua yake kwenye jiriwa, mpini umelala sawasawa na ardhi, nikaiseti 59. Nikachukua ndoo, nikaijaza maji mpaka ndoo na maji pamoja vikawa kilo 15 kwenye mzani wa duka, nikaitundika kwenye mpini sentimita 40 kutoka puani. Kilo 15 mara mita 0.4 ni kilo-mita sita. Hii tunafundisha shuleni. Ilipaswa kulia. Kimya. Nikaongeza maji kwa kopo, polepole. Ililia ndoo ilipofika kilo 18. Hapo uko zaidi ya nyutoni mita 70, ukiamini uko 59. Ukizifunga boliti za miaka arobaini namna hiyo kwenye hedi ya alumini, utakuja kulia wewe badala ya renchi.

Muuzaji alikataa kuirudisha. Alisema "hiyo ni ya kiwandani, haikosei". Sasa iko nyumbani, naifungia nati za matairi. Nilichokuja kutumia ni toki ya zamani ya mshale, ile isiyo na ujanja wowote: chuma kinapinda, mshale unaonyesha. Nilimnunulia fundi wa malori soda mbili na 40,000, akaniachia. Niliipima kwa ndoo ileile, ikasema ukweli.

Ringi za pistoni nazo zipimeni kabla ya kuzivisha. Iingize ringi yenyewe ndani ya silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ilale sawa, pitisha fila geji kwenye mwanya. Seti ya kwanza niliyouziwa ilikuwa kwenye boksi lenye maandishi ya Kijapani yaliyopendeza, mwanya ukasoma milimita 1.2. Karibu nipitishe sarafu. Seti ya pili, ghali zaidi kidogo tu, ilisoma 0.30 mpaka 0.35 zote, nikashukuru. Beringi za krenki nilizifanyia ule mtihani wa uzi laini wa plastiki: unakata kipande, unakilaza juu ya jono (shingo ya krenki inayokaa kwenye beringi) iliyokaushwa, unafunga kofia kwa mkazo wake, unafungua, unapima ulivyojibonda upana wake kwa karatasi yake ya vipimo. Mzee alikuwa amesaga krenki kwa 0.25. Uzi ukaniambia nafasi ni 0.04 kwenye zote tano za kati. Sikuwa na cha kuuliza tena.

Kufunga kulinichukua wikiendi tatu. Sampu ya LiteAce, lile bakuli la oili chini ya injini, iligombana na mwamba wa mbele wa Corolla, nikahamisha sampu na bomba la kuvutia oili kutoka 4K yangu, vikakaa kama vilikuwa vinasubiri. Injini tuliishusha kwa cheni bloku (mashine ya mkono ya kunyanyulia vitu vizito) ya kukodi, 15,000 kwa siku, imetundikwa kwenye mabomba matatu ya chuma niliyofunga vichwa. Siyo kwenye tawi la mwarobaini. Kila jirani aliyepita alinishauri tawi. Niwaambie tu kwamba injini ikidondoka haichagui mguu wa nani.

Siku ya kuwasha walikuja watu kama kuna mnada. Nilikuwa nimeizungusha kwanza bila plagi za moto mpaka taa ya oili ikazima. Nikaweka plagi, nikapiga stata. Kabureta ikanitemea moto usoni. Ndogo tu, lakini nyusi ya kushoto ilipungua na mtoto wa jirani akalia. Nikapiga tena, ikatema tena. Kumbe distributa nilikuwa nimeiweka kinyume, nusu duara. Pistoni ya kwanza inafika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi, mara moja ikigandamiza na mara moja ikitoa moshi, na mimi niliiseti kwenye ile ya kutoa moshi. Jambo ambalo nimewahi kumpa mtoto wa watu sifuri kwa kulikosea. Nikaichomoa, nikaigeuza, nikairudisha. Ikawaka kabla stata haijamaliza duara la pili.

Haikuachwa inguruma polepole. Kamshafti mpya na tapeti mpya (vile vikombe vinavyosukumwa na nundu zake) hazitaki hivyo. Unashikilia mizunguko 2,000 kwa dakika kwa dakika ishirini, oili irukie zile nundu vizuri zizoeane. Dakika ishirini za injini kupiga kelele Jumamosi jioni ni nyingi. Mjumbe alikuja dakika ya kumi na mbili. Nilimpa kiti. Baada ya hapo, ikiwa bado ya moto, nikaseti nafasi za valvu: milimita 0.20 kwa za kuingiza, 0.30 kwa za kutoa. Mlio ukatulia ukawa ule wa cherehani nzuri.

Sasa gari limetembea kilomita 2,600. Za kwanza 1,000 nilikwenda kwa adabu, sikukaa kwenye mwendo mmoja muda mrefu, oili nikaimwaga kwenye kilomita 50 na tena kwenye 800. Ile ya kwanza ilikuwa na mng'aro wa chuma kama rangi ya kucha, ya pili ilikuwa oili tu. Tangu hapo kijiti cha oili hakijashuka hata nywele. Nimekwenda nalo Morogoro mara moja, kumwonyesha yule mama gari lake la zamani. Kwenda tu, bila kurudi, lilikunywa lita 16 na kitu. Vilima vya Kimara linapanda kwa gia ya nne. Si gari la mashindano, msije mkanitafuta. Lakini ukikanyaga kutoka gia ya pili kuna kitu kinasukuma mgongo ambacho 4K haikuwahi kuwa nacho, na kioo cha nyuma hakionyeshi moshi.

Msisahau kadi. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na ukibadilisha injini lazima TRA (mamlaka ya mapato) nao wabadilishe taarifa. Nilipeleka risiti ya kununulia injini, gari likakaguliwa. Wauzaji wa Shaurimoyo wengine hawapendi kukuandikia risiti yenye namba ya injini. Asiyependa, muache na injini yake.

Nyota? Karakana ya geti la bluu nawapa nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa ajili ya ile plagi ya maji na zile safari mbili za bure. Toki renchi ya sanduku jekundu haipati kitu, labda nusu kwa sababu ya sanduku, ambalo mwanangu anawekea kalamu.

Ukienda, nenda asubuhi kabla ya saa nne, mzee akiwa hajaanza kuchoka. Beba pistoni zako, beba krenki pamoja na beringi ulizokusudia, na usiweke kitu chochote kwenye ile meza. Jumapili wanafunga. Ukikuta geti limerudishwa, gonga. Kwa kelele zile hawasikii mara ya kwanza. Mimi narudi mwezi ujao na hedi ya jirani yangu, ana Hilux ya 1986 iliyochemka Chalinze, na tayari nimemwambia asitegemee Alhamisi.